Darubini yenye ukungu haijafa



Darubini ya vioo ikipita barabara zetu ndani ya gari, inatikisika kama gunia la viazi. Ikifika, mtoto anachungulia nyota na kuona doa lenye mkia. Hapo mkubwa anasema: «Chombo hiki kimekufa», ao: «Wewe hujui kuangalia.» Mara nyingi yote mawili si kweli. Vioo vimepotoka kidogo tu, na kuvinyoosha hakuhitaji fundi wala franga.

Darubini ya aina ile Isaac Newton aliyoitengeneza mwaka 1668 ina vioo viwili. Kikubwa kiko chini, kinakusanya mwanga. Kidogo kiko karibu na mdomo, kimelala upande, kinautupa mwanga kwenye jicho. Visipotazamana sawa, picha inaharibika. Nyuma ya kioo kikubwa kuna visi tatu za kukielekeza. Kama kuna nyingine za kukifunga, zilegezeni kwanza.

Toeni darubini nje karibu saa moja mbele ya kazi, ili kioo kipoe kama hewa ya usiku. Funikeni tochi kwa kitambaa chekundu, maana jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza.

Vitabu vya Ulaya vinashauri kutumia Nyota ya Kaskazini kwa sababu inakaa karibu pahali pamoja. Hapa Bukavu, digrii 2 na nusu hivi kusini ya ikweta, hatuioni. Tuchague nyota yenye mwanga wa kutosha, iliyo juu sana. Itakuwa inakimbia, kwani mbingu inageuka digrii 15 kila saa, basi tuifuate.

Kazi ni ya watu wawili. Mmoja achungulie, mwingine ashike turnevisi. Wekeni nyota katikati, kisha zungusheni kidogo kifungo cha kusafisha picha mpaka nyota ipanuke iwe pete yenye doa jeusi ndani. Doa hilo ni kivuli cha kioo kidogo. Likiwa katikati, vioo viko sawa. Likiegemea upande mmoja, vinaomba kunyooshwa.

Visi gani? Mwenye turnevisi apitishe mkono mbele ya mdomo wa darubini. Mwenye kuchungulia ataona kivuli chake, kikifika pale pete ni nyembamba, aseme «simama!» Visi iliyo upande wa mkono huo, ao ile inayouelekea ng'ambo, ndiyo ya kugusa. Izungushwe kidogo sana, hata robo ya mzunguko isifike. Rudisheni nyota katikati, angalieni tena. Doa likisogea katikati, endeleeni. Likikimbia zaidi, rudisheni nyuma.

Turnevisi hiyo tusiwaachie wavulana peke yao. Binti anayenyoosha kioo mwenyewe, kisha akaona ile miezi minne ya Jupita ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, hatakubali upesi kuambiwa kwamba hajui kuangalia.

Mkimaliza, funikeni mdomo wa darubini na muiweke mbali na watoto mchana. Anayechungulia jua ndani yake anaweza kupofuka mara moja, na jicho halina visi.