Simu na runinga katika chumba cha mgeni

Shida ya kuunganisha simu na runinga ya chumbani yatuhusu sana sisi tulalao katika nyumba za wageni za Kericho na Bomet, ambako mtu, baada ya kutwa nzima katika mashamba ya chai, hutamani kutazama kwenye kioo kikubwa mbio za vijana wetu, warithi wa Wilson Kiprugut, mwana wa Kericho aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki huko Tokyo mwaka 1964. Aghalabu hujaribu kwa Wi-Fi akashindwa, kwa sababu mitandao mingi ya wageni hutenganisha kila kifaa na kingine kwa ajili ya kuhifadhi faragha, hata simu na runinga zisionane. Njia ya yakini ni waya wa HDMI, maadamu runinga haikufungwa isipokee, na simu iwe ya namna itoayo picha kwa tundu lake la USB-C, kwani si zote ziwezazo. Nawasihi wenye nyumba watuachie wazi tundu la HDMI la runinga. Na mgeni naye, kama aliingia katika akaunti zake kwenye runinga, ajitoe kabla ya kuondoka, asimwachie amfuatiaye siri zake.