Kabla ya kununua balbu, kagua waya

Ndugu mwandishi, makala yako ya taa za pikipiki imeruka hesabu, na kwenye pikipiki ya zamani hesabu ndiyo kila kitu. Honda XL 125 niliyoachiwa na baba, bwana shamba wa zamani pale Tengeru, ni ya volti 6. Balbu ya wati 35 kwenye volti 6 inakula karibu ampea 6, mara mbili ya ile ya volti 12. Koili yake ndogo haina ziada. Ukifunga balbu kubwa zaidi hupati mwanga zaidi, unailemea koili tu.

Mimi nilianza na waya. Nilifungua taa ya mbele nikakuta pale waya unapoungana na bodi pana kutu ya kijani, na vumbi limeganda. Nikapiga msasa, nikavuta waya mnene kutoka kwenye swichi hadi kwenye balbu. Balbu ileile ya zamani ikawaka vizuri kuliko nilivyowahi kuiona.

LED ya wati 10 inafaa, ila angalieni: kwenye baadhi ya pikipiki hizi za zamani taa hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili bila kupitia betri, ndiyo maana ukipunguza resi inafifia. LED ukiifunga hapo itapepesa au itaungua. Umeme ugeuzwe kwanza uwe kama wa betri, na taa iwe ya volti 6.

Halafu jamani, taa ielekezeni chini. Kati ya Tengeru na Usa River watu wanatembea pembeni ya barabara usiku, na dereva aliyemulikwa machoni hawaoni.