KONA YA WATOTO: Yusra na mashua iliyozimika

Mwezi huu tumjue Yusra Mardini, muogeleaji kutoka Syria. Alizaliwa mwaka 1998, na baba yake ndiye aliyemfundisha kuogelea tangu akiwa mdogo.

Basi vita vikaja. Mwaka 2015, akiwa na miaka 17, alikimbia pamoja na dada yake Sara. Huko Uturuki walipanda mashua ya mpira kwenda Ugiriki, watu kama 20 wamebanana. Wakiwa baharini, injini ikazima! Yusra, Sara na wengine wawili wakaingia majini, wakaisaidia mashua kwa zaidi ya masaa matatu. Wote wakafika salama.

Mwaka 2016 Yusra aliogelea Rio, katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki. Medali hakupata, lakini kundi lake la mita 100 mtindo wa kipepeo alikuwa wa kwanza. Wenzake tisa ni pamoja na Wakongo wawili wa judo na wakimbiaji watano waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya.

Mnaona, wanetu? Nyumba aliiacha, ujuzi alikuja nao. Wewe je, unajifunza nini? Ila mtoni usiende bila mtu mzima!