Giaboksi Itelezayo Asubuhi: Tupime Kabla ya Kuhukumu

Katika miji ya nyanda za juu, kama vile Njombe, Mbeya na Limuru, miezi ya Juni na Julai huleta malalamiko ya namna moja kwenye gereji. Gari kuukuu lenye gia za otomatiki huwashwa alfajiri. Dereva huweka gia na kukanyaga mafuta. Injini hunguruma, mshale wa mizunguko hupanda, lakini gari husogea kwa uvivu au lisisogee kabisa. Baada ya dakika kumi au kumi na tano hali hiyo hutoweka, na gari huenda kana kwamba halikuwa na ila. Aghalabu hukumu hutolewa papo hapo: giaboksi imekufa, inunuliwe nyingine. Kwa maoni yangu, hukumu itolewayo kabla ya kipimo ni kosa la kisayansi kwanza, na hasara ya fedha baadaye. Nayo shule yetu haiwezi kukwepa sehemu yake ya lawama.

Yafaa kwanza tufahamu jinsi chombo hiki kifanyavyo kazi. Giaboksi ya otomatiki ya kawaida, ambayo General Motors ya Marekani iliitoa kwa jina la Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, hutegemea oili. Pampu inayozungushwa na injini husukuma oili hadi kwenye vali. Vali huipeleka nyuma ya pistoni. Pistoni hubana sahani za klachi zishikamane. Zikishikamana barabara, nguvu ya injini hufika magurudumuni. Zikibanwa kwa unyonge, huteleza.

Hapa mwanafunzi wa fizikia ataitambua kanuni ya Pascal aliyoisoma darasani. Tuchukue mfano wa pistoni yenye eneo la sentimita mraba 50, yaani mita mraba 0.005. Kanieneo ya oili ikiwa paskali 1,000,000, kani ya kubana sahani ni nyutoni 5,000. Oili ikivuja njiani na kanieneo ikashuka hadi nusu, kani nayo hushuka hadi nyutoni 2,500, na msuguano uliotakiwa kubeba mzigo wa gari hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Dereva hukanyaga mafuta zaidi, sahani huteleza zaidi, na mtelezo huo huzaa joto linaloziunguza. Ndiyo maana ila ndogo ikiachwa bila kutazamwa huwa kubwa.

Sasa tuutazame ushahidi wenyewe. Giaboksi huteleza ikiwa baridi, ikapona ikipata moto. Sahani zilizoungua hazirudi kuwa nzima kwa sababu oili imepata joto. Kwa hiyo hapana budi tutafute sababu ambayo joto laweza kuibadili.

Sababu ya kwanza ni upungufu wa oili. Oili ikipanda kutoka nyuzi 15 za Selsiasi hadi 85, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 5. Ikiwa imepungua, asubuhi pampu huweza kuvuta hewa pamoja nayo. Na hewa hubonyea, haisukumi pistoni kama oili. Sababu ya pili ni chujio lililoziba: oili baridi ina mnato mkubwa, nayo hupita kwa shida katika matundu yaliyojaa uchafu, pampu ikabaki na njaa. Sababu ya tatu, ambayo ni ya kawaida sana katika magari ya umri mkubwa, ni sili za mpira zilizozeeka. Mpira uliokauka huwa mgumu. Ukiwa baridi husinyaa na kuacha upenyo kando ya pistoni. Ukipata joto hulainika na kutanuka, upenyo ukazibika.

Mwanafunzi makini atauliza: je, oili nzito ya asubuhi si huvuja kwa shida kuliko oili nyepesi ya mchana? Swali hilo ni jema. Ndiyo sababu giaboksi ambayo pampu yake imelika huwa njema asubuhi, ikaanza kuteleza baada ya safari ndefu. Dalili mbili zinazopingana hutuelekeza kwenye sababu mbili tofauti. Na fundi asiyeuliza gari huteleza wakati gani amejinyima kipimo kilicho rahisi kuliko vyote.

Tena si kila injini ingurumayo asubuhi ina giaboksi mbovu. Injini baridi huzunguka kwa kasi zaidi kwa makusudi, na magari mengi yenye kompyuta huchelewesha gia ya juu mpaka oili ipate joto. Ni mtelezo pale tu mizunguko inapopanda ghafla, mwendo wa gari usiongezeke kwa kadiri yake.

Utaratibu wa uchunguzi basi na uanze na kilicho rahisi. Oili ipimwe gari likiwa mahali tambarare, kwa namna ielezwayo na kitabu cha gari hilo, maana magari mengine hupimwa injini ikizunguka na mengine ikiwa imezimwa. Rangi na harufu vitazamwe: oili nyeusi yenye harufu ya kuungua hushuhudia sahani zilizokwisha kudhurika, oili iliyogeuka kama maziwa hushuhudia maji, ambayo mara nyingi hutoka kwenye rejeta. Mahali pa kuvujia patafutwe. Ihakikishwe kwamba oili ni ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji. Chujio likaguliwe. Kisha geji ya kanieneo ifungwe, isomwe giaboksi ikiwa baridi, isomwe tena ikiwa moto, na tarakimu zilinganishwe na zile za mtengenezaji. Baada ya hayo ndipo giaboksi ifunguliwe. Yawezekana ikahitaji sili mpya tu. Yawezekana pia ikaonekana kwamba sahani zimekwisha. Lakini sasa tutakuwa tunajua, wala hatubahatishi.

Wako watakaosema kwamba fundi mzoefu hahitaji geji, na kwamba mwenye gari hana subira. Uzoefu wa fundi ni hazina, nami siudharau. Sikio lake husikia mengi ambayo kitabu hakisemi. Lakini uzoefu hupendekeza jibu, na kipimo hulithibitisha au kulikanusha. Aidha, giaboksi ya mtumba inayonunuliwa badala ya ile ya zamani nayo ina sili za mpira ambazo umri wake haujulikani. Mwenye gari ambaye mshahara wake wa miezi kadhaa umekwenda huko huenda akajikuta mwakani, baridi ikirudi, katika tatizo lile lile.

Kwa walimu wenzetu wa sekondari nina pendekezo. Tumezoea kufundisha kanuni ya Pascal kwa mchoro wa pistoni mbili ubaoni, kisha tukatoa hesabu na kuendelea na mada nyingine. Tuwape wanafunzi gari hili la asubuhi. Waandike sababu zote zinazowezekana. Mbele ya kila sababu waandike dalili itakayoonekana gari likiwa baridi, na dalili itakayoonekana likiwa moto. Kisha wachague kipimo cha gharama ndogo kitakachozitenganisha. Zoezi hilo halihitaji maabara wala fedha.

Wengi wa wanafunzi hao hawatakuwa mafundi. Watakuwa waganga, wakulima, wahasibu na wenye magari. Mganga atakayekutana na homa, na mkulima atakayeona majani ya mahindi yakigeuka njano, watahitaji tabia ile ile ya kuuliza dalili hujitokeza lini, nini kimebadilika, na kipi kipimwe kwanza. Tabia hiyo ndiyo sayansi, na giaboksi kuukuu ni mahali pazuri pa kuianzia.