Superman si ngumi tu jamani

Wadau, ubishi wa Superman na Batman hapa hosteli hauishi, na kila siku hoja ni ile ile: Superman anaboa kwa sababu hakuna wa kumpiga. Mie nakataa. Wanaosema hivyo wengi wameangalia sinema tu, katuni zenyewe hawajazisoma.

Anzeni na Action Comics namba 1 ya mwaka 1938. Waliomtunga ni vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Mle hamna majitu kutoka angani. Superman anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo kwa kosa la mtu mwingine, halafu anamkomesha mume anayempiga mkewe. Yaani toka mwanzo alikuwa mtetezi wa wanyonge.

Kisha someni For the Man Who Has Everything (1985) ya Alan Moore na Dave Gibbons. Ananaswa na mmea unaompa ndoto tamu: sayari yake haikulipuka, ana mke na watoto. Ili azinduke inabidi amuage mwanawe. Ngumi itasaidia nini hapo?

Ya tatu ni Superman Smashes the Klan (2019-2020) ya Gene Luen Yang na wachoraji Gurihiru. Ni mwaka 1946, familia yenye asili ya China inahama kutoka Chinatown ya Metropolis kwenda katikati ya jiji na wabaguzi wanaiandama. Superman anayewatetea naye ni mgeni, tena anauficha ugeni wake.

Ila kiboko yao ni All-Star Superman ya Grant Morrison na Frank Quitely, matoleo 12 kati ya 2005 na 2008. Anajua kifo kinakuja, ana kazi chungu nzima, lakini anasimama kwa binti anayetaka kujirusha kutoka juu ya jengo. Anaongea naye, anamkumbatia. Ukurasa mmoja tu!

Kwa hiyo swali la Superman si nani atamshinda. Swali ni hili: ukiwa na uwezo wa kumponda kila mtu, utautumiaje? Wenzangu wa ualimu, hilo linatuhusu. Darasani mwenye nguvu utakuwa wewe, fimbo na kalamu nyekundu mkononi, na mbele yako mtoto anayetetemeka.

Mwenye kubisha aje, ila aje ameshasoma.