Kadi Mbili za Mwaka 2012

"Kaka, mimi nataka picha itoke. Siasa nakuachia wewe."

Hivyo ndivyo rafiki yangu, mhariri wa video, anavyoufunga mjadala kila ninapomuuliza kwa nini kwenye Linux yake ameweka draiva ya Nvidia iliyofungwa. Na ukweli usemwe: picha inatoka. Kazi aliyoianza jioni asubuhi iko tayari kwa mteja, na mimi niliyekuja na mahubiri ya programu huria nabaki kunywa chai yake. Sitamwambia kwamba draiva yake ni mbovu, kwa sababu si mbovu. Ugomvi wangu ni juu ya miaka. Anaposema picha inatoka anazungumzia leo, na kadi ya grafiki haiishi leo tu, hasa ikishafika huku kwetu.

Chukua kadi mbili. Radeon HD 7970 ya AMD iliingia sokoni Januari 2012. GeForce GTX 680 ya Nvidia ikafuata Machi mwaka huohuo. Zilikuwa mahasimu wa rika moja, na waliozinunua mpya walikuwa watu wenye pesa zao. Miaka tisa baadaye waliozizaa walizichoka karibu kwa pamoja. Juni 2021 AMD ilizitoa kadi za kizazi hicho kwenye orodha ya zile zinazopata draiva mpya za Windows. Mwaka huohuo Nvidia ikatangaza kwamba tawi la 470 ndilo la mwisho kwa familia ya Kepler, ambayo GTX 680 ni mmoja wao. Kwenye Linux tawi hilo liliendelea kuzibwa matundu ya usalama hadi 2024, kisha basi. Ukizitazama kampuni peke yake, hapo hakuna wa kumvika koja. Wote ni wafanyabiashara na wote wana kadi mpya za kuuza.

Lakini kwenye Linux hadithi ya HD 7970 haikuishia hapo. Mwaka 2025 mhandisi anayefanya kazi kwa ajili ya Valve, kampuni ya gemu isiyouza kadi za grafiki kabisa, alikaa na msimbo wa kadi hizo za zamani, akaziba mapengo yaliyobaki ili zihame kutoka draiva kongwe iitwayo radeon kwenda kwenye amdgpu, ile inayoendesha kadi mpya za AMD. Kwa kuhama huko zinapata Vulkan bila mwenye kompyuta kuhangaika na mipangilio. Hiyo ni kadi ya miaka 13 ambayo mtengenezaji wake alishaipa mkono wa kwaheri. Mhandisi yule hakulazimika kuvunja mlango wala kubembeleza mtu, maana msimbo ulikuwa wazi. Uwazi huo ulianza Septemba 2007, AMD ilipotangaza kwamba itatoa nyaraka za kadi zake ili watu wa nje waweze kuziandikia draiva, mwaka mmoja tu baada ya kuinunua ATI.

Sasa nenda upande wa pili. Watu wamejaribu kuziandikia kadi za Nvidia draiva huria tangu katikati ya miaka ya 2000. Mradi unaitwa Nouveau, na jinsi ulivyoanza inatosha kumliza mtu. Nyaraka hazikuwapo. Kwa hiyo waliiwasha draiva iliyofungwa, wakarekodi kila namba iliyoiandikia kadi, wakabadilisha kitu kimoja kwenye skrini, wakarekodi tena, wakalinganisha. Fikiria unajifunza lugha ya jirani kwa kutega sikio ukutani, na kila akikohoa unaandika. Walifanya hivyo kwa miaka, wengi wao bila kulipwa na mtu, mpaka Nouveau ikaingia ndani ya kerneli ya Linux mwaka 2010.

Kisha ikaja kufuli. Kuanzia kadi kama GTX 970 na 980 za mwaka 2014, sehemu muhimu za kadi zilianza kukataa fimuwea yoyote isiyo na sahihi ya kidijitali ya Nvidia. Baada ya muda Nvidia iliwapa watu wa Nouveau fimuwea ya kuifanya kadi ichore. Ile ya kuipandisha kasi haikuwapa. Matokeo yake, ukitumia draiva huria, kadi hizo, pamoja na familia iliyofuata ya GTX 1060 ya mwaka 2016, hubaki na kasi ileile ndogo zinayowaka nayo. Injini ni nzima, mafuta yapo, na gia ya kwanza ndiyo hiyohiyo hadi Morogoro. Nguvu imo ndani ya kadi uliyoilipia, ila ruhusa ya kuitumia imebaki kwa aliyekuuzia.

Hapa ndipo ninapokataa kuambiwa kwamba hii ni siasa ya watu wenye ndevu na fulana za pengwini. Nvidia imeshasema kwamba tawi la 580 ndilo la mwisho kwa familia hizo mbili. Ndugu yake wa 2012, GTX 680, angalau alizaliwa kabla ya kufuli, kwa hiyo Nouveau inaweza kumpandisha kasi, japo kwa mkono. GTX 1060 hana hata bahati hiyo. Draiva iliyofungwa inamwacha, na iliyo wazi imefungwa mikono.

Najua pingamizi litakalofuata, kwa sababu rafiki yangu alishalitoa: kosa ni la watu wa kerneli wanaobadilisha mambo ya ndani kila toleo, ndiyo maana draiva za nje zinavunjika. Ni kweli wanabadilisha. Lakini wana desturi moja: anayebadilisha kiungo cha ndani ya kerneli ndiye anayezirekebisha draiva zote za ndani zinazokitumia. Mwenye nyumba akibadilisha kitasa anagawa funguo kwa wote wanaolala humo. Nvidia ilichagua kulala barazani. Hakuna aliyeifukuza.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na sitalikwepa. AMD nayo si malaika. Kadi zake zinahitaji fimuwea iliyofungwa, na bila hiyo haziwaki sawasawa. Anayetaka usafi kamili hataupata huko. Tena uwazi una bei yake: mwaka 2024 ilijulikana kwamba jumuiya inayosimamia HDMI imekataa mpango wa AMD wa kuweka HDMI 2.1 kwenye draiva yake huria. Aliyekuwa na draiva iliyofungwa hakuguswa na katazo hilo. Na CUDA? CUDA ni ngome. Mtu anayekula kwa kazi inayoitegemea sitamwambia afunge duka kwa ajili ya kanuni.

Wapo pia watakaosema Nvidia imebadilika. Mei 2022 iliachia wazi sehemu ya draiva inayokaa ndani ya kerneli. Nilifurahi kama wengine, kisha nikasoma masharti: ni kwa kadi za kuanzia familia ya Turing ya 2018. Maktaba za OpenGL, Vulkan na CUDA zimebaki zimefungwa, na mengi yaliyokuwa siri yamehamia kwenye fimuwea kubwa inayoendeshwa na kadi yenyewe. Ni hatua, na imewasaidia watu wa Nouveau kwa kadi mpya. Kwa hizo za kati haikuleta kitu. (Ile video ya 2012 ya Linus Torvalds akiionyesha Nvidia kidole cha kati pale Finland naomba tuipumzishe. Inachekesha, lakini haijapandisha kasi ya kadi hata moja.)

Kinachonikera zaidi ni kwamba mjadala huu huendeshwa kana kwamba kila mtu hununua kadi mpya kila baada ya miaka mitatu. Mashine zinazoshuka na kontena na kupangwa kwenye maduka ya Kariakoo zimeshafanya kazi miaka mingi ofisini kwa wengine. Kwa mwanafunzi wa hapa, umri wa kadi huanza kuhesabiwa pale mtengenezaji anapoacha kuihesabu. Mtu wa namna hiyo haombi kampuni imhudumie milele. Anaomba isifunge mlango inapoondoka.

Juzi nilimrudia rafiki yangu. Anataka kubadilisha kadi, ile yake ya GTX 1060 imemchosha. Nikamuuliza ataipeleka wapi.

"Kuna dogo Ubungo ameshaiwekea oda," akasema. "Anajifunza Blender. Anatumia Linux kama wewe."