Soko Lililo Jikoni: Bustani ya Mboga kwa Anayeanza



Katika sehemu za Kangema, mtu akikutembeza shambani mwake atakuonyesha kwanza chai. Kama yuko upande wa chini atakuonyesha kahawa, kisha ng'ombe wake. Ni mara chache atakuongoza nyuma ya jiko akuonyeshe mboga, na aghalabu hakuna cha kuonyesha: michai imefika karibu na ukuta wa nyumba, na mboga ya jioni hununuliwa sokoni. Juma hili yafaa tuzungumze juu ya kipande hicho kidogo cha ardhi kinachosahauliwa. Maneno haya ni kwa wale ambao hawajapata kupanda hata shina moja la sukuma wiki: mkulima ambaye mazao yake yote huenda kiwandani, na karani ambaye mchana kutwa hushika kalamu.

Tuanze na hesabu. Jaalia nyumba moja yanunua mboga za shilingi 30 kila siku. Kwa mwaka mzima wa siku 365, fedha hizo zatimia shilingi 10,950. Mtu angeombwa kutoa kiasi hicho kwa siku moja angeshika kichwa. Lakini kwa kuwa hutoka kidogo kidogo, haumwi nazo. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tena fedha za chai huja kwa mwezi, na zile za nyongeza huja kwa mwaka, bali tumbo la mtoto halijui mwezi wala mwaka. Hudai kila jioni.

Mafunzo ya Karatina na ya kahawa

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, vilivyopiganwa tangu 1939 hata 1945, Serikali ya wakati ule ilijenga kiwanda cha kukausha mboga huko Karatina, katika wilaya ya Nyeri. Wakulima wa sehemu zile walipanda mboga kwa wingi, zikakaushwa na kupelekwa kwa askari. Katika miaka hiyohiyo watu wa Uingereza nao walihimizwa kulima mboga katika viwanja vya nyumba zao, maana meli zilizowaletea vyakula zilikuwa zikizamishwa baharini. Basi watu wa Karatina na watu wa London walikuwa wakilima mboga kwa sababu ya vita vile vile, lakini kwa njia mbili mbalimbali: mmoja alilima kwa ajili ya kiwanda, na mwingine kwa ajili ya chungu chake.

Vita vilipokwisha, haja ya mboga za askari nayo ilikwisha, na kiwanda kikafungwa. Aliyelima kwa ajili ya kiwanda akabaki na mboga bila mnunuzi. Aliyelima kwa ajili ya chungu aliendelea kula.

Jambo la namna hiyo lilitokea tena mwaka 1989, mapatano ya mataifa juu ya mauzo ya kahawa yalipovunjika. Bei ilianguka, na nyumba nyingi za Murang'a zilizotegemea kahawa peke yake zilipata taabu kubwa, ijapokuwa mikahawa ilikuwa imesimama palepale na kuzaa kama kawaida. Sisemi mng'oe kahawa wala chai. Mazao hayo yamejenga nyumba na kusomesha watoto. Nasema tu kwamba soko la mbali lina mlango, na ufunguo wa mlango huo u mkononi mwa mtu mwingine. Soko la jikoni ufunguo wake unao wewe.

Kazi ya hiari

Huenda msomaji akasema, "Nimechoka na jembe, iko wapi furaha katika kulima?" Swali hilo ni la haki, na historia ya sehemu zetu yaweza kulijibu. Mwaka 1947 na 1948, Murang'a ilipokuwa ikiitwa Fort Hall, watu walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iliwaangukia wanawake, nao wakakataa. Hawakukataa kwa kuwa hawakujua faida ya udongo, maana hapana anayejua udongo kuliko mwanamke wa milimani. Walikataa kazi ya kusimamiwa, isiyo na hiari.

Leo ukipita katika miteremko hiyohiyo utaona matuta yaliyotunzwa vizuri, na hapana askari anayemsimamia mwenye shamba. Bustani ya nyumbani ni kazi ya namna hiyo. Hapana anayekupimia kazi ya siku, hapana mizani, hapana karani wa kuandika ratili zako. Waingia kwa hiari yako asubuhi kabla ya kwenda kazini, watoka baada ya nusu saa, na siku yako imekwisha kupata jambo moja jema.

Tena kuna furaha ya kungoja. Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe katika Nyeri mwaka 1940 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, anaeleza katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimkatia kipande kidogo cha shamba kiwe chake mwenyewe. Kila mara alikuwa akifukua mbegu ili aone kama zimeanza kuchipua. Mama yake akamwonya aziache, maana zitatoka zenyewe. Mtoto huyo ndiye aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na miti mingi sana ikapandwa kwa juhudi hiyo. Kila anayeanza bustani ni kama mtoto yule: mkono unamwasha kufukua. Somo la kwanza la bustani ni kuuzuia mkono huo.

Mahali na udongo

Chagua mahali penye jua sehemu kubwa ya mchana, karibu na jiko. Bustani iliyo mbali husahauliwa, na bustani iliyo mbele ya macho haikosi mtu wa kung'oa gugu anapopita. Anza na kitalu kimoja tu, urefu wa hatua nne na upana wa hatua moja, ili uweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo. Anayeanza na robo eka huchoka katika mwezi wa pili. Anayeanza na kitalu kimoja huongeza cha pili kwa hamu.

Kwa kuwa nchi yetu ni ya miteremko, kitalu na kilale kukingama mteremko, wala kisishuke nao, ama mvua ya kwanza itachukua udongo na mbegu pamoja. Chimba kina cha jembe zima, uvunje madongoa, kisha uchanganye samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Asiye na ng'ombe na akusanye maganda, majani na taka za jikoni shimoni, azifunike kwa udongo na kuzigeuza mara kwa mara, mpaka ziwe mboji nyeusi isiyo na harufu mbaya.

Mboga za kuanzia

Kosa la wengi ni kuanza na nyanya. Katika sehemu zetu za juu, majira ya baridi na ukungu yafikapo mwezi wa Julai, kuna ugonjwa unaochoma majani ya nyanya na viazi kana kwamba yamepitiwa na moto. Ugonjwa huohuo ndio ulioangamiza viazi vya Ireland tangu mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa. Nyanya ziacheni mpaka mkono uzoee.

Anzeni na mchicha, ambao Wakikuyu huuita terere. Nyunyiza mbegu zake katika mistari na uzifunike kwa udongo mwembamba sana. Kwa majuma matatu au manne utakuwa ukichuma. Hapana mboga imtiayo moyo mwanafunzi kuliko hiyo. Pamoja nao panda mnavu, yaani managu. Mboga hizi mbili zamani zilidharauliwa na wengi waliosoma, zikaitwa magugu na chakula cha maskini. Siku hizi zauzwa sokoni kwa heshima, na wataalamu wa chakula hutuambia kwamba zimeshinda kabeji kwa madini ya chuma na kwa vitamini A, inayolinda macho ya mtoto.

Sukuma wiki huanzia katika kitalu cha miche. Baada ya wiki nne hata sita, mche ukiwa na majani manne au matano, uhamishe jioni au siku ya mawingu, uache nafasi ya futi mbili kati ya shina na shina. Nafasi hiyo itaonekana kubwa mno, usidanganyike. Karoti, kwa upande wake, hazitaki kuhamishwa, wala hazitaki samadi mpya, kwani hugawanyika mizizi kama vidole.

Majira yetu mnayajua: mvua ya njahi tangu Machi hata Mei, na mvua ya mwere tangu Oktoba hata Desemba. Mvua inapoanza ndiyo saa nzuri ya kupanda. Wakati wa kiangazi, maji ya kuoshea mboga na nafaka yatatosha kitalu kimoja; mwagilia asubuhi na mapema au jua likishuka.

Mbegu zipatikane wapi? Dukani zipo. Lakini za terere na managu nenda kwa cucu wa jirani, umwamkie kwa heshima na umwulize. Atakupa mbegu, na pamoja na mbegu atakupa elimu ambayo haikuandikwa juu ya pakiti.

Wadudu na kuchuma

Vidukari wakionekana chini ya majani, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, au nyunyiza jivu la kuni. Palipo na viwavi wakatao mashina usiku, fukua udongo kuzunguka shina asubuhi. Utamkuta mwizi amelala. Hapa pana faida nyingine ya mboga zako mwenyewe: wajua kilichonyunyiziwa juu yake na siku gani, jambo usiloweza kulijua juu ya fungu la sokoni.

Unapochuma sukuma wiki, toa majani ya chini na uache kichwa. Shina moja litakulisha miezi mingi. Usipike mboga hata zikapoteza rangi, wala usimwage mchuzi wake. Managu nayo yapikwe vizuri, wala matunda yake mabichi yasiliwe.

Wasio na shamba

Makarani, walimu na watu wa maduka wanaokaa katika vyumba vya kupanga wasijione wametengwa. Gunia moja latosha. Lijaze udongo na samadi, katikati upange nguzo ya mawe madogo ya kupitishia maji, kisha utoboe matundu kando na kupachika miche. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba nyingi za Kibera, Nairobi, zilifundishwa njia hiyo zikapata mboga mahali pasipo na ardhi kabisa. Kilichowezekana Kibera chawezekana nyuma ya chumba cha Kangema.

Kazi ya juma hili

Nakuombeni mambo mawili tu. Kwanza, nunueni daftari ndogo, mwandike kila senti ya mboga itokayo nyumbani kwa siku 7. Pili, pimeni hatua nne kwa moja karibu na jiko, mchimbe. Basi. Msipande bado kama mvua iko mbali. Acheni udongo upumzike pamoja na samadi yake.

Na kila nyumba yenye mtoto impe kona moja ya kitalu iwe yake, asiingiliwe na mtu. Akifukua mbegu kuziangalia, msimpige. Mwambieni azifunike, angoje. Siku atakapoleta jikoni fungu lake la kwanza la terere, lipikweni jioni ileile, na atajwe jina lake mezani.

Haba na haba hujaza kibaba.